Ukate misonobari kwanza au uuze pamoja na ardhi?

Ndugu, kwa ekari 40 nje ya Athens, jimbo la Georgia, Marekani, usikate kwanza. Anayetaka kujenga nyumba akiona visiki hukimbia. Mlipe mtaalamu wa misitu mwenye leseni ya jimbo apime miti, atenganishe ya mbao na ya karatasi, maana bei kwa tani hupishana mno. Mfanyabiashara wa magogo anayebisha hodi na ofa mkononi keshapiga hesabu yake, si yako.

Kubwa zaidi ni kodi. Kama shamba limo kwenye mkataba wa miaka 10 wa CUVA (mpango wa Georgia unaopunguza kodi ya ardhi ikibaki kuwa shamba au msitu) na mnunuzi asiuendeleze, faini ni mara mbili ya kodi iliyookolewa, pamoja na riba. Andikeni kwenye mkataba wa mauziano nani ataibeba. Haki ya kupita hadi barabarani nayo iwe imesajiliwa kwa karani wa mahakama.