Makabati matatu yanatosha: kupeleka wanafunzi wa Tabora makumbusho ya Arusha

Mwalimu mgeni akikabidhiwa ziara ya kwanza, mara nyingi anakuta ratiba imeshachorwa: siku moja njiani, siku moja ya makumbusho, bustani ya nyoka, Ngorongoro na soko la vinyago, kisha kurudi. Ikatae mapema, kabla wazazi hawajachangishwa. Kutoka Tabora hadi Arusha kwa Nzega, Igunga, Singida na Babati ni zaidi ya kilomita 600. Watoto wakiamka siku ya pili bado wamechoka, na nguvu waliyobaki nayo inatosha kutazama sehemu moja vizuri.

Sehemu yenyewe ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, yaliyo ndani ya boma la Wajerumani, kwenye barabara ya Boma, si mbali na Mnara wa Saa. Boma lilikamilika mwaka 1900, likawa makumbusho mwaka 1987. Mweleweshe dereva vizuri. Arusha ina makumbusho mengine, ya Azimio la Arusha, karibu na Mnara wa Mwenge, na ukisema "makumbusho" tu mnaweza kushushwa huko. Hata hayo yana faida yake, ila hamtakuta fuvu wala mdudu.

Anza na karatasi, wiki 6 kabla. Kibali cha halmashauri kupitia ofisi ya elimu, fomu ya mzazi yenye namba ya simu na ugonjwa wowote wa mtoto, na barua kwa makumbusho inayotaja tarehe, saa ya kufika, kidato na idadi. Malipo ya taasisi za serikali hupita kwenye namba maalumu ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba, nayo hutolewa kwa kiasi kamili. Ukiomba ya watu 48 halafu 3 wakashindwa kulipa, utahangaika kuibadilisha. Subiri michango ifungwe ndipo uiombe. Nenda na barua yenye mhuri wa shule na orodha ya majina, maana kiingilio cha mwanafunzi na cha mtu mzima havilingani.

Basi la kukodi liwe na kibali cha safari hiyo kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na lipelekwe kukaguliwa na trafiki siku moja kabla, si alfajiri ya safari watoto wakiwa wamekaa vitini. Ondokeni saa 11 alfajiri. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo kwa wanaotapika beba ndoo mbili zenye mfuniko, na ndani yake, chini, weka maranda ya seremala: yananyonya na kupunguza harufu. Kama ni Juni au Julai, sweta ni lazima. Arusha miezi hiyo ina baridi na manyunyu, na mtoto wa Tabora hulichukulia sweta kama mzigo mpaka afike.

Usihesabu vichwa. Vichwa vinahama. Kila mwanafunzi apewe namba yake ya kudumu, na kila mnapopanda basi waitike wenyewe kwa mpangilio: moja, mbili, tatu. Namba ikikatika unajua papo hapo nani hayupo. Mtu mzima mmoja kwa wanafunzi 12 ni kiwango kizuri, na lazima awepo mwalimu wa kike mwenye begi la pedi na dawa za maumivu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo hufanyika Tabora.

Wiki mbili kabla, nenda bucha ukaombe kichwa cha mbuzi kilichokwisha kutolewa nyama. Kichemshe kwa moto mdogo na sabuni ya unga, saa 3 hadi 4, ukwangue kwa mswaki wa zamani, kisha ukianike kivulini. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa sababu inakula mfupa na baada ya miezi unabaki na unga. Meno yakichomoka yarudishe kwa gundi, kila moja kwenye shimo lake. Liweke fuvu mezani na uulize swali moja tu: mbuzi huyu alikatia majani kwa meno gani? Watatafuta meno ya mbele ya juu na hawatayaona, maana hayapo. Juu pana ufizi mgumu tu, na meno ya chini hubana majani dhidi yake. Darasa zima limeishi na mbuzi na halikuwahi kuliona hilo. Hapo wameshajifunza kutazama, na kazi yako nusu imekwisha.

Fanya hivyo hivyo kwa wadudu. Inzi ana mbawa mbili, nyuki ana nne, lakini mbawa za nyuma za nyuki zimenasa kwenye za mbele kwa vijikulabu vidogo, hivyo mwanafunzi ataapa kwamba ni mbili mpaka azitenganishe kwa sindano. Waulize pia mbung'o wanamtambuaje. Wa Urambo na Kaliua watajibu upesi: akitua hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo umechomoza mbele. Mtoto aliyefika na ujuzi huo hapiti mbio mbele ya kabati la wadudu.

Zoezi la mwisho lifanyeni Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, kilomita chache tu kutoka mjini. Si habari za viumbe, ila watazoea kusimama, kutazama kitu kimoja kwa dakika 10 na kuchora. Vurugu zote za ziara zitajitokeza hapo, na kuzirekebisha ni rahisi mkiwa karibu na nyumbani.

Kosa kubwa ndani ya makumbusho ni kunakili. Ukiwaambia "mtaandika ripoti", watakaa dakika 90 wakihamisha maelezo ya ukutani kwenye daftari, migongo ikiwa imegeukia vitu vyenyewe. Daftari libaki kwenye basi. Kila mmoja aingie na karatasi moja yenye visanduku vitatu vya kuchora, na chini ya kila kisanduku mistari miwili: ninachokiona, ninachojiuliza. Vitu vitatu, basi. Ubao wa kuandikia ni kipande cha boksi gumu chenye kibanio cha nguo. Penseli, si kalamu: wino ukigusa kitu cha makumbusho hautoki. Zichongwe nje, kila kikundi kiwe na za akiba.

Wanafunzi 45 wagawe vikundi vitatu vya 15 vizunguke kwa zamu: asili ya binadamu, wadudu, na historia ya boma, dakika 25 kila mahali. Choo kwanza. Chakula kisiingie kabisa, na waelezwe sababu: makombo huvuta wadudu, na wadudu hao wakimaliza makombo hugeukia manyoya, ngozi na vipepeo vilivyohifadhiwa. Mwanga wa picha za simu pia uzimwe, kwani mwanga hufifisha rangi.

Mwongozaji mpigie simu siku moja kabla, umweleze wanafunzi wameshasoma nini, na umwombe azungumze dakika 10 kisha awaache. Wengi hukubali kwa furaha. Wamechoka kuhutubia watoto wanaosinzia.

Kwenye mafuvu watauliza, "Hili ni la kweli?" Jibu bila kuzunguka: mafuvu mengi ya maonyesho ya asili ya binadamu ni nakala. Fuvu halisi la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliloliona mtafiti Mary Leakey Olduvai Julai 1959, limehifadhiwa Dar es Salaam, nalo lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Nakala haipunguzi somo. Waonyeshe magego makubwa na ule ukingo wa mfupa katikati ya utosi. Halafu kila mmoja aweke vidole kwenye panja zake na atafune hewa. Wataisikia misuli ikicheza. Misuli ya kiumbe yule ilipanda mpaka utosini ikashika ukingo ule. Wataelewa upesi kuliko kwa maelezo ya nusu saa.

Mjadala wa dini utakuja, tena mkali. Usiuzuie wala usiuendeshe mbele ya kabati. Waambie swali hilo liandikwe kwenye mistari ya chini, litajadiliwa darasani. Wazazi nao waelezwe mapema kwenye kikao kwamba watoto wataona mafuvu hayo, wasije kuyasikia kwa mara ya kwanza watoto wakirudi.

Karatasi zikusanywe mlangoni, kabla mtu hajapanda basi, uzifungie kwenye bahasha moja na ukae nayo mwenyewe. Zikibaki mikononi mwao, mkifika Singida nusu zitakuwa zimefungia kuku wa kukaanga.