Mfuko wa muhogo kwa samaki wabichi

Hapana kaka uliyeuliza chini ya posti ya mifuko ya muhogo yenye "nano": mfuko wa wanga mtupu wa muhogo hauwezi kufikisha samaki wabichi kutoka Sahare hadi Ngamiani, hapa hapa Tanga mjini. Nimesomea kemia ya chakula: wanga hupenda maji. Ukilowa unalainika na kuchanika, ukikauka sana unavunjika. Gliserini (kimiminika kizito cha kulainisha) huongezwa ili ujikunje bila kukatika, lakini nayo inavuta unyevu.

Hiyo "nano" anayoitaja mwenye posti ndiyo dawa wanayoihangaikia watafiti sasa. Ni chembe za kipimo cha nanometa (nanometa 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita): za udongo wa mfinyanzi, za selulosi (nyuzinyuzi za mimea), hata za wanga wenyewe uliochakatwa kwa asidi. Zikisambaa vizuri ndani ya utando wa mfuko, mvuke wa maji hulazimika kupita njia ya kuzungukazunguka, na utando unakuwa imara zaidi. Zikigandana mabonge, kazi bure. Selulosi hiyo hupatikana hata kwenye mkonge, kwa hiyo Tanga malighafi tunayo, muhogo wa Muheza ukijumlisha.

Ila unyevu unaopenya unapungua tu, hauishi. Kwa korosho au biskuti sawa, kwa samaki bado. Na ile mifuko yenye chembe za madini ya fedha au zinki za kuua bakteria, suala la chembe hizo kuhamia kwenye chakula bado linachunguzwa. Ukiuziwa mfuko wa "wanga", uliza kama umechanganywa na polithini (plastiki ya kawaida ya mifuko), maana hiyo sehemu haiozi.