Ni saa 5 asubuhi, si saa 4

Kuna anayeuliza kama marudio ya wiki nzima ya The Archers, mchezo wa redio wa mfululizo kwenye BBC Radio 4 ya Uingereza, bado yako saa 4 asubuhi Jumapili. Hapana, hayako tena saa hiyo. Tangu mabadiliko ya ratiba ya Aprili 2024 yanaanza saa 5 asubuhi kwa saa za Uingereza. Saa 4 sasa ni ya Desert Island Discs, kile kipindi cha mgeni anayechagua rekodi nane za kwenda nazo kisiwani. Mimi husikiliza kila Jumapili, na ukisikia ndege wa baharini wakilia nyuma ya muziki wa kufungulia, jua bado hujachelewa, mchezo wako unafuata.

Nasisitiza "marudio" kwa sababu hapo unapata vipindi vya wiki iliyopita vimeunganishwa. Kipindi kipya cha Jumapili kinakuja jioni, na usikichanganye na hicho cha asubuhi, utajikuta umeruka hadithi.

Ukiamka alfajiri, tafuta pia kipindi cha kengele za kanisa kwenye redio hiyo hiyo kabla ya saa 12, kila wiki kanisa lingine. Dakika chache tu, lakini ni nzuri mno. Ila siku za matukio makubwa ya kitaifa ratiba hubadilika.