Uanzie wapi na riwaya za upelelezi za Uingereza za wakati wa vita

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: umemaliza vitabu vya Agatha Christie, na sasa unatafuta waandishi wenzake wa miaka ya 1939 hadi 1945 waliosahauliwa.

Ningekushauri uanze na E. C. R. Lorac, jina la kalamu la Edith Caroline Rivett. Katika Murder by Matchlight, iliyotoka mwaka 1945, kijana ameketi usiku katika bustani ya Regent's Park, London, taa zote zikiwa zimezimwa kwa hofu ya ndege za Wajerumani. Mtu anawasha kiberiti, na kwa nukta chache uso wa pili unaonekana nyuma yake, kisha giza, kisha kishindo. Hapo vita si pambo la hadithi, bali ndivyo vinavyomficha muuaji. Ukiipenda, fuata Green for Danger ya Christianna Brand (1944), inayotukia katika hospitali ya kijeshi. Kwangu hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Tafuta kwanza matoleo mapya ya British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, kwa kuwa nakala za wakati ule, kutokana na mgao wa karatasi, zilichapwa kwa karatasi hafifu na herufi ndogo. Ukiuziwa nakala kwa bei kubwa kama toleo la kwanza, mtafute mjuzi wa vitabu vya kale aikague kabla hujalipa. Jihadhari pia na nakala za bure mtandaoni: Rivett alifariki mwaka 1958, na hakimiliki ya Uingereza hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi.