Msimfungie ndani mlevi ili aache pombe

Hii nimeikalia muda mrefu kwa sababu inamhusu kaka angu, ila wiki iliyopita jirani kanifata anauliza kama amfungie mumewe ndani wiki nzima ili aache pombe, nikaona bora niandike.

Kaka ni fundi seremala, mikono yake ndo ilikuwa inatulisha. Alianza na viroba, vilikuwa kila kona mpaka kwenye vibanda vya vocha, unakata pakiti kwa meno unakunywa huku unatembea. Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017 nyumbani tulishangilia kabisa, yeye akahamia kwenye gongo. Asubuhi kabla ya kushika randa lazima azimue kwanza, asipozimua mikono inatetemeka hata msumari hapigi, na sisi tukawa tunasema huyu anajiendekeza tu. Kumbe dalili kubwa ndo hiyo.

Kikao cha familia kikaamua afungiwe chumbani siku saba. Alikubali mwenyewe, hiyo ndo inaniuma mpaka leo, alimkabidhi mama simu akaingia, ilikuwa Jumamosi usiku. Jumapili shuka limelowa jasho, anatapika, tukasema ni arosto itapita. Jumatatu alfajiri tukasikia kishindo, kukimbilia tunamkuta kakakamaa anatupa miguu, damu mdomoni kajing'ata ulimi, baba mdogo anahangaika kumtia kijiko kwenye meno (msifanye hivyo jamani, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, mdomoni usiweke kitu). Alipotulia wakaitwa watu wa maombi maana ilishasemwa ni majini. Jumanne akawa anabandua siafu mkononi mwake na siafu hakuna hata mmoja.

Ndo tukaita bajaji. Hospitali dirishani mama akasema mwanangu ana malaria. Aibu tu. Wakapima malaria hakuna, masaa yanaenda, mpaka nikamvuta nesi pembeni nikamwambia ukweli.

Daktari alituelewesha vizuri. Pombe inautuliza ubongo, sasa ukinywa kila siku kwa miaka ubongo unajizoesha kufanya kazi nayo, ukiikata ghafla unabaki umechachamaa hauna cha kuutuliza. Kutetemeka na jasho kunaanza ndani ya masaa 6 mpaka 24, kifafa mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, halafu kuanzia siku ya pili mpaka ya nne ndo yanakuja maruweruwe na homa na moyo kwenda mbio, na hapo mtu anakufa kweli. Alipewa diazepam, dawa ya kuutuliza ubongo, na sindano za vitamini B1 maana pombe huimaliza mwilini. Hiyo diazepam msikimbilie kununua duka la dawa mkampa wenyewe, ikikutana na pombe inaweza kukata pumzi.

Sisemi kila mnywaji yuko hivyo, wa wikiendi mara nyingi anaacha bila shida hizi. Nasema yule anayeamka anatetemeka mpaka azimue, au aliyewahi kuanguka kifafa alipojaribu kuacha. Huyo usimkatie ghafla kabla hajaonana na daktari, hata akikuapia anaweza. Na hata hizo soba hausi, nyumba za kuachishia ulevi, uliza kwanza kama wana daktari wa kumwangalia siku za mwanzo au wanafunga mlango tu kama tulivyofunga sisi. Ukifika hospitali sema anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na ya mwisho kanywa saa ngapi. Haya matatu yana thamani kuliko heshima ya ukoo.

Kaka alikaa wodini siku tisa. Baada ya miezi mitano akarudia gongo, nilikata tamaa siwezi kudanganya. Ila safari ile ya pili hakusubiri mama aongee, aliinama mwenyewe pale dirishani, mikono inamtetemeka, akasema mimi nakunywa gongo kila siku, ya mwisho nimekunywa jana saa tatu usiku, na nikiacha naanguka.