Mke hataki nitengeneze ndege nyumbani: jibu

Kaka wa Uyole, Mbeya, nimekuelewa. Shemeji amenuna tangu ulipoleta mabomba ya alumini uani, anasema utawaachia watoto msiba na madeni. Mimi nilifufua Land Rover chakavu hapa Mafinga kwa hela ya mbao bila kumwambia mama watoto. Akajua siku ya ada. Tulilala mzungu wa nne miezi miwili!

Kwa hiyo anza na pesa. Mwonyeshe daftari: ada, mbolea na chakula kwanza, ndege ipate kinachobaki. Kisha muulize anachoogopa hasa, nawe unyamaze umsikilize. Kama ni kifo, ana haki. Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Ya pikipiki usiifikirie kabisa.

Muahidi hutairusha bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, bila fundi ndege mwenye leseni kuikagua, na kabla hujasomea urubani. Mkaulize ofisini pamoja. Na hayo mabomba yahamishe leo, hapo ndipo anapoanikia nguo.