Gérard Philipe: mimi namkumbuka kwa malipo yake kuliko sura yake

Mleta mada, umeuliza Gérard Philipe, yule mwigizaji wa Kifaransa, alikuwa nani hasa, na kwa nini Wafaransa wa umri mkubwa ukiwatajia jina hilo wananyamaza kwanza ndipo wakujibu. Waliotangulia kuchangia wamekutajia filamu na wamesifia uzuri wake. Hawajakosea. Ila mimi nimekula chumvi ya jukwaa miaka kumi na moja hapa Dar es Salaam, na ninachomheshimu nacho huyu bwana hakimo kwenye picha zake. Naomba univumilie, nitaandika kirefu.

Nilimsikia kabla sijamwona. Nilikuwa najifunza Kifaransa, na jioni moja mwalimu alikuja na redio kaseti akatuwekea Le Petit Prince, ile hadithi ya rubani na mtoto wa mfalme jangwani, iliyorekodiwa kwenye santuri mwaka 1954. Msimulizi ni Gérard Philipe, na mtoto ni Georges Poujouly. Sehemu ile rubani anapoamshwa na sauti ya mtoto anayeomba achorewe kondoo, mwalimu aliirudisha nyuma mara tatu. Nusu ya maneno yalinipita. Lakini nilisikia pumzi: anaivuta kidogo kabla ya sentensi, kama mtu ambaye jambo limemjia sasa hivi kichwani. Hakusikika kama anasoma karatasi, alisikika kama anakumbuka. Kesho yake kwenye mazoezi ya kikundi chetu nilijaribu kuvuta pumzi vile, nikagundua ni kazi ngumu kuliko kukariri kurasa kumi.

Maisha yake kwa kifupi. Alizaliwa Cannes tarehe 4 Desemba 1922. Baba yake aliegemea upande wa walioshirikiana na Wajerumani wakati wa vita. Baadaye alihukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, akawa amekwisha kimbilia Hispania. Kijana alishika njia yake. Agosti 1944, Paris ilipokuwa inajikomboa, alikuwa miongoni mwa walioshika jengo la halmashauri ya jiji. Wakati huo alishaanza kujulikana jukwaani, na mwaka 1945, akiwa na miaka 22 tu, alicheza Caligula, tamthilia ya Albert Camus, pale ukumbi wa Hébertot. Miaka miwili baadaye ikatoka filamu ya Le Diable au corps, habari ya mvulana wa shule aliyependana na mwanamke ambaye mumewe yuko vitani. Basi, akawa staa. Watayarishaji wakawa wanamgombania.

Sasa njoo kwenye kiini. Mwishoni mwa 1950 staa huyo alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwenye chumba cha kuvalia cha Jean Vilar, mwongozaji aliyekuwa ameanzisha tamasha la Avignon mwaka 1947, akamwambia anataka kufanya kazi naye. Kabla ya hapo Vilar ndiye aliyemtaka acheze Rodrigue katika Le Cid ya Corneille, akakataa, akidhani tanzia haikuwa saizi yake. Rodrigue ni kijana anayelazimika kumuua baba wa mchumba wake ili kulinda heshima ya baba yake mwenyewe. Safari hii alikubali.

Julai 1951 wakacheza Avignon, kwenye ua mkubwa wa Kasri la Mapapa, nje kabisa, bila paa. Kwenye mazoezi ya mwisho alianguka akaumia mguu. Mtu mwingine angeahirisha. Yeye onyesho la kwanza alicheza ameketi, Rodrigue wa upanga na farasi, kwenye kiti!

Ua huo nimeuona kwa macho yangu. Nilikuwa nasoma Montpellier, na likizo ya Julai nikaenda Avignon kuosha vyombo mgahawani. Pesa ya wiki ya kwanza nilinunulia tiketi. Unaingia unakuta kuta za mawe zimekuzunguka pande zote, ndefu mpaka unainua shingo, na viti karibu 2,000. Tarumbeta alizotunga Maurice Jarre, mwanamuziki wa kikundi cha Vilar, zinapigwa mpaka leo kabla onyesho halijaanza. Usiku ule upepo wao wanaouita mistral ulivuma, nguo za waigizaji zikawa zinapiga kama tanga, na ikabidi kila mmoja asukume sauti kutoka tumboni. Nikamfikiria yule mtu na mguu wake mbovu, ameketi hapo, anatakiwa kuwafikia walioko safu ya mwisho kwa sauti peke yake.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mcheshi. Nilipomtajia Philipe alinishika mkono. Akasema alimwona akiwa msichana wa shule, Paris, kwenye ukumbi wa Chaillot, na kilichobaki kichwani mwake ni mwisho wa onyesho: waigizaji wote walijipanga mstari mmoja kuinama, na yeye akawa wa kumtafuta kwa macho, maana hakutangulia mbele ya wenzake.

Hilo halikuwa bahati mbaya. Vilar alikabidhiwa Théâtre National Populaire, TNP, yaani tamthilia ya taifa kwa ajili ya wananchi wa kawaida, mwaka huo huo wa 1951, na alisema tamthilia ni huduma ya umma kama maji, gesi na umeme. Tiketi zikawa za bei nafuu, bahashishi kwa wahudumu zikapigwa marufuku. Kwa kuwa Umoja wa Mataifa ulikuwa unakutania Chaillot, ukumbi wao, walianzia viunga vya wafanyakazi kama Suresnes. Huko Philipe alicheza Rodrigue, kisha kwenye Mutter Courage (Mama Courage), tamthilia ya Brecht, akachukua nafasi ndogo ya mmoja wa watoto wa yule mama. Kwenye mabango majina yalipangwa kwa alfabeti. Herufi P, ndugu yangu, haiko mbele. Na alisaini mkataba wa kikundi kama wenzake, pesa ndogo sana mbele ya alizokuwa analipwa kwenye filamu. Mwaka uliofuata filamu ya Fanfan la Tulipe ilimfanya ajulikane dunia nzima, na bado akarudi TNP, tena akaongoza mwenyewe tamthilia ya Lorenzaccio huku akiwa ndiye mhusika mkuu.

Nitakuambia kwa nini hili linanichoma. Kuna mwaka mwandaaji mmoja alituchukua kuzunguka mikoani wiki sita. Bango lilikuwa na sura ya mtu mmoja tu, mwenzetu aliyekuwa anavuma kwenye tamthilia za runinga. Yeye alilipwa mapema, kimyakimya. Sisi wengine tuliambiwa "tutamalizana mwishoni". Tulipofika Morogoro mwandaaji akazima simu. Tulikaa stendi ya Msamvu na maboksi ya mavazi, watu saba, tunahesabu sarafu, na dada mmoja aliyekuwa anacheza mama mkwe akauza simu yake ili turudi Dar. Yule staa hakuwa mtu mbaya. Lakini alijua, na neno lake moja lingetosha tulipwe sote. Hakulisema.

Philipe alilisema. Mwaka 1957 aliandika makala yenye kichwa kinachomaanisha "Waigizaji si mbwa", akieleza hali ya watu wa kazi yake, na akakubali kuongoza umoja wao. Vyama vyao vilikuwa vimegawanyika. Mwaka 1958 vikaungana kuwa Syndicat français des acteurs, chama ambacho kipo mpaka leo, na rais wake wa kwanza alikuwa yeye. Fikiria mtu asiyekosa kazi, asiye na shida ya kodi ya nyumba, anakaa vikaoni kubishania malipo ya mazoezi ya mtu anayebeba mkuki nyuma ya jukwaa. Kwangu hapo ndipo ukubwa wake ulipo.

Si kila alichogusa kilifaulu. Filamu pekee aliyoiongoza, Les Aventures de Till l'Espiègle (visa vya Till mtani), mwaka 1956, ilianguka. Lakini muda wa kujaribu tena hakuupata. Alirudi kutoka kupiga filamu Mexico mwaka 1959 akiwa mgonjwa. Madaktari walimfanyia upasuaji Novemba, wakakuta saratani ya ini, na mkewe Anne akaamua asiambiwe. Akawa anapanga kucheza Hamlet. Alifariki tarehe 25 Novemba 1959, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 37. Alizikwa Ramatuelle, kusini karibu na bahari, amevalishwa vazi la Rodrigue.

Umeuliza pia uanzie wapi. Usianzie Fanfan la Tulipe, ingawa inafurahisha na inapatikana kirahisi. Tazama kwanza Montparnasse 19, anapocheza mchoraji Modigliani; angalia mikono yake anapojaribu kuuza michoro mkahawani. Halafu tafuta ile rekodi ya 1954. Kama Kifaransa chako bado kichanga usijali, zima taa usikilize pumzi kabla ya sentensi. Ukifika pale anapokasirika, anachora kisanduku tu na kumwambia mtoto kondoo yumo ndani, rudisha nyuma uisikilize tena.